Majimbi ya Bumbwini

Jumanne ile, siku nne kabla ya Ramadhani, Mzee Borafya hakuja.

Nilikuwa dukani tangu saa kumi na mbili asubuhi. Nilikuwa nimeshafagia, nimeshapanga magunia ya choroko, mbaazi na mchele, na nimeiacha sakafu ya mbele wazi kwa ajili ya mzigo wake. Kwa miaka ishirini na mbili mkulima yule wa Bumbwini alituletea majimbi, mihogo, ndizi za mkono wa tembo na mchicha, kila Jumanne na kila Ijumaa. Nilikuwa mtoto wa miaka mitano alipoanza. Hata mwaka ule mvua ya masika ilipoikata barabara alifika, kachelewa, kalowa chapachapa, na bado anacheka.

Saa tatu ikagonga. Nikampigia simu, haikupokelewa. Nikampigia tena.

Duka letu limo ndani ya kichochoro cha Mji Mkongwe, mwendo mfupi tu kwa miguu kutoka Mlandege. Ni dogo mno. Wakiingia wateja wawili, wa tatu hungoja barazani. Baba yangu, Mzee Hashil, alilirithi kwa baba yake, na tangu magoti yaanze kumsumbua mimi ndiye ninayekaa. Watu wa mtaa wetu hawanunui chakula cha wiki nzima. Wananunua cha leo: fungu la mchicha, nazi moja, tungule tatu, kibaba cha choroko. Zamani ukipita kichochoroni kwetu saa tano za asubuhi, ulisikia mbuzi za kukunia nazi kila nyumba, na harufu ya bizari ikakufuata mpaka msikitini. Siku hizi unazisikia nyumba mbili tatu tu.

Bi Ulfat, jirani yetu, ndiye aliyeniletea habari.

"Rasha, majimbi bado?"

"Bado, Bi Ulfat. Nnamngoja Mzee Borafya."

"Basi usimngoje, mwanangu. Nnatoka Kwenye Vioo saa hizi. Majimbi yako kule, yamerundikwa mpaka hapa." Akaweka kiganja kifuani. "Yamevishwa nailoni, yameandikwa Bumbwini. Mie nlitaka mawili tu, yangu na ya mzee wangu. Wakanambia pakiti haifunguliwi. Kilo mbili, au niache."

Kwenye Vioo ndilo jina ambalo mtaa uliipachika supamaketi mpya ya Mlandege, kwa vile ukuta wake wa mbele wote ni kioo.

"Sasa umenunua nini?"

Bi Ulfat aliuinua mfuko wake taratibu, kama mtu aliyefumaniwa. Ndani mlikuwa na tambi za pakiti, zile za kuchemsha dakika tatu, na soseji.

"Wajukuu wanazipenda," alisema, macho chini. "Mzee hazimfai, na kisukari chake kile. Lakini nshachoka kuzunguka, Rasha. Miguu yenyewe ndiyo hii."

Alipoondoka nilibaki nimeshika mizani, sijui napima nini. Mtu aliyeajiriwa kuinunulia Kwenye Vioo mboga zake zote nilimjua. Nilimjua kuliko nilivyopaswa kumjua.

Mudrik aliingia dukani kwetu mara ya kwanza miezi saba iliyopita, amevaa shati la kijani la kazini, akataka nazi moja. Aliniuliza najuaje nazi nzuri. Nikaitikisa sikioni mwangu, kisha nikaitikisa sikioni mwake, na wakati maji ya ndani yanacheza, macho yetu yakakutana, na yeye ndiye aliyeyaondoa kwanza. Kesho yake alirudi kununua nazi. Na keshokutwa. Ilipita wiki nzima ndipo nilipogundua kuwa chumba anachopanga hakina jiko wala mbuzi ya kukunia, na kwamba nazi zote zile alikuwa akimgaia mama mwenye nyumba. Siku aliyoniungamia, nilicheka hadi nikajifunika uso kwa mtandio. Tangu siku hiyo moyo wangu haukurudi nyumbani.

Baba hakujua. Tulikubaliana kwamba baada ya Idi Mudrik atatuma wazee wake.

Nilimfuata Bi Ulfat kwake, nikamwomba anitazamie duka, nikaenda Mlandege.

Nilimkuta mlango wa nyuma, mahali magari yanaposhusha mizigo. Aliponiona uso wake ulichanua. Alipouona wangu, ukanywea.

"Rasha! Kuna nini?"

"Majimbi yaliyomo ndani yametoka kwa nani?"

Aliivua kalamu sikioni akaitia mfukoni.

"Kwa mjomba wangu."

"Mjomba wako nani?"

"Borafya."

Nilijishika ukutani. "Mzee Borafya ni mjomba wako? Miezi saba, Mudrik, na hukuwahi kunambia?"

"Nlitaka ulijue siku atakapokuja kuniposea. Yeye ndiye angekaa mbele ya baba yako. Nlijua mzee atafurahi, nawe utacheka."

"Na ulijua kuwa sisi ndio tunaouza mzigo wake?"

Angeweza kusema uongo. Kwa dakika ile ningeupokea kwa mikono miwili.

"Nlijua," alisema.

Gari likapiga honi nyuma yetu, tukasogea pembeni. Nilihisi machozi yanakuja nikayazuia kwa hasira.

"Nisikilize, Rasha. Mjomba ana miaka sitini na minane. Kigari chake kimeharibika mara tatu mwaka huu, na mchicha unamfia njiani. Hawa wanapeleka gari lao mpaka shambani. Ningemwambia asiwauzie kwa sababu mie nampenda binti wa mwenye duka?"

"Ungenambia mimi."

"Ningekwambia, ungeniomba nisifanye."

"Na wewe?"

Akanitazama. Macho ya Mudrik ni mapole, na siku ile yalikuwa na huzuni ambayo sikupata kuiona. "Nisingeweza kukukatalia. Ndiyo maana sikukwambia."

Siku nyengine maneno hayo ningelala nayo chini ya mto. Siku ile yalinichoma.

"Kwa hiyo umenikatalia kabla sijaomba," nilisema. "Baada ya Idi usitume mtu kwetu, Mudrik. Usijisumbue."

Aliniita mara mbili. Sikugeuka. Nilikata njia ya Darajani nikilia mchana kweupe, watu wananiangalia, na sikujali.

Nyumbani, nyuma ya duka, nilimkuta Baba amekaa kwenye mkeka, sahani ya wali mbele yake. Pembeni alikuwepo dada yake, Shangazi Dalal, ambaye huja kwetu kila siku kutuongoza maisha. Miguuni pake palikuwa na mfuko wa Kwenye Vioo uliojaa mpaka juu.

"Baba, Mzee Borafya ametuacha," nilisema. "Amewauzia supamaketi mzigo wote."

Baba alitafuna tonge lake mpaka likaisha.

"Najua, mwanangu. Alinipigia Jumapili kuniomba ruhusa. Mtu mzima yule, alikuwa analia kwenye simu. Nikamwambia auze."

"Ulimwambia auze? Na mimi hukunambia?"

"Ungepigana, Rasha. Nakujua." Akasukuma sahani. "Mie nshachoka. Wateja wanapungua kila mwezi. Kuna mtu anataka fremu yetu aweke duka la vinyago vya watalii. Nilitaka Ramadhani ipite ndipo nikwambie."

Nilihisi kama nyumba imeondolewa ukuta mmoja.

"Ni bora," alidakia Shangazi. "Msichana mzuri kama huyu, anazeeka juu ya magunia! Na yule Samir mwenye hoteli yake Kendwa keshauliza habari zake mara mbili."

"Mmenifanya mtoto!" nilisema. "Wote wawili mmeficha kitu kimoja, kwa sababu moja. Mnaniogopa, basi mnanipita pembeni!"

"Wote wawili?" Baba aliinua uso. "Mimi ni mmoja. Wa pili ni nani?"

Nilijiuma ulimi.

"Nilijua!" Shangazi Dalal alipiga kofi paja lake. "Nlisema mie! Yule wa nazi! Yule kijana wa shati la kijani! Mtu hanunui nazi saba kwa wiki kama hana lake jambo!"

Nilisema yote. Ningefanyaje? Nilisema nimesimama, mikono nyuma, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

"Mtoto wa shamba," Shangazi alisema, "na tena wa supamaketi! Ile ile inayotuulia duka letu!"

"Shangazi, na huo mfuko miguuni pako?"

Aliutazama mfuko, akauvutia nyuma ya gauni lake. "Hiyo ni aiskrimu. Nyinyi hamuuzi aiskrimu."

Baba hakucheka. Alinawa mikono polepole.

"Anawachukua wateja wangu," alisema, "na wewe pia anataka kukuchukua." Akaondoka kwenda kusali, na wali wake ukabaki nusu sahani. Baba yangu si mtu wa kusaza chakula. Hilo liliniumiza kuliko kama angenigombeza.

Siku tatu sikupokea simu ya Mudrik. Alipiga, nikaitazama inawaka, ikazimika. Nilikaa dukani nikiuza kilichopo, na kila kivuli cha mwanamme kilichopita mlangoni kilinishtua, na kila kilipokuwa si chake nilijichukia kwa kusikitika.

Ijumaa ndiyo tuliyovunja jungu, chakula chetu cha mwisho cha mchana kabla ya kufunga. Shangazi alipika tangu asubuhi: wali wa nazi, pweza wa nazi, mchicha, achari ya embe. Baada ya sala Baba alikaa kwenye baraza ya dukani, nami nilikuwa ndani nafunga madirisha. Nikasikia sauti.

"Asalaam alaykum. Shikamoo, Mzee."

Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango. Mudrik alikuwa amesimama juani, kanzu nyeupe, kofia, na gunia begani. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

"Alaykum salaam. Marahaba," Baba alijibu, baridi. "Nani mwenzangu?"

"Mie Mudrik, mtoto wa dada yake Mzee Borafya. Ni mie niliyempeleka mjomba Kwenye Vioo. Nlijua kuwa nyinyi mnamtegemea, na sikuja kukwambieni. Nimekosa. Nimekuja kuomba radhi mwenyewe, sikutaka kutuma mtu."

Baba alilinyooshea gunia fimbo yake. "Na gunia?"

Mudrik alilishusha, akalifungua. Yalikuwa majimbi, lakini majimbi gani! Madogo, yaliyopinda, mengine yameota pacha, mengine yana makovu ya jembe.

"Supamaketi wanachukua yaliyonyooka tu, Mzee. Haya hawayataki, na mchicha wenye tundu moja hawautaki. Mjomba alikuwa anawapa mbuzi. Asubuhi nilikwenda Bumbwini, nikamuuliza kama angeweza kuwaletea nyinyi. Amesema hakulala vizuri tangu Jumapili, na kwamba mzigo huu mdogo kigari chake kinauweza. Yuko Darajani saa hizi, anaona haya kuja."

"Makombo," Baba alisema. Sauti yake ilipanda. "Umeniletea makombo ya supamaketi niuze mie? Duka hili lina miaka sitini! Baba yangu aliwauzia watu wazima wa mji huu, na hakuwahi kumuuzia mtu chakula cha mbuzi!"

Mudrik aliinamisha kichwa. Nikaona mkono wake unavyoufunga mdomo wa gunia, taratibu, na nikajua kuwa ataondoka, na akiondoka hatarudi tena. Nikatoka nje.

"Baba," nilisema, "jimbi likishaingia kwenye nazi, nani anajua lilikuwa limepinda?"

Wote wawili walinigeukia. Mudrik alinitazama kwa namna ambayo nilisahau nilichotaka kuongeza.

Wakati huohuo Bi Ulfat alikuwa anapita na kikapu chake. Aliliona gunia, akainama hapo hapo, hata salamu akasahau.

"Majimbi! Alhamdulillahi! Na madogo madogo, ndiyo niyatakayo. Nipimie mawili, Rasha. Hapana, haya matatu. La pacha hili n'takata la daku." Akamgeukia Baba. "Mzee Hashil, nlidhani Ramadhani hii mume wangu atafuturu kwa tambi za dakika tatu. Mungu akupe umri."

Nilimpimia. Nyuma yake akaja mwanamke wa nyumba ya pembeni, akataka manne. Akaja na mwengine. Baba aliwatazama wanawake wale wanavyoyapapasa majimbi yaliyopinda, wanachagua, wanacheka, wanaulizana nani ataweka kiazi kitamu na nani hataki. Ulikuwa umepita muda mrefu sijasikia baraza yetu ina kelele namna ile.

Walipopungua, Baba alikohoa.

"Wewe kijana. Mchana huu umekula?"

"Bado, Mzee."

"Kwa kawaida mchana unakula nini?"

"Tambi za pakiti, Mzee. Au soseji na mkate wa boflo. Nakula nimesimama, stoo."

"Mboga za mji mzima zinapita mikononi mwako, na wewe unakula tambi za pakiti?"

"Hakuna wa kunipikia, Mzee, na mwenyewe sijui kupika."

Baba alitikisa kichwa, akashika fimbo yake, akainuka kwa taabu. "Hili ni jambo la aibu. Ingia ule. Na mpigie simu mjomba wako, mwambie Hashil anasema haya zake aziache Darajani."

Mzee Borafya alifika akiwa na mchicha kwapani, wakakumbatiana na Baba mlangoni. Wakaketi wanaume watatu kwenye mkeka, Shangazi Dalal akipakua kwa uso uliokunjwa. Mudrik alikula kama mtu aliyerudi kutoka safari ya mbali. Alipomaliza sahani ya kwanza akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hajala pweza mlaini namna ile tangu mama yake ahamie Pemba kumuuguza bibi. Nilimwona Shangazi akiuzamisha upawa mpaka chini ya sufuria, kwenye minofu, na kumjazia sahani upya.

"Mie bado sijakubali," alisema. "Nakulisha tu."

"Ndiyo, Bi Dalal."

"Na hiyo aiskrimu yenu ya embe imepanda bei. Unalijua hilo?"

"Nalijua, Bi Dalal. N'tawaambia."

Baba alipangusa mdomo. "Yule mtu wa vinyago," alimwambia Mzee Borafya, kana kwamba ni jambo dogo, "nitampigia kesho. Atafute fremu pengine."

Niligeukia ukuta ili wasiuone uso wangu.

Wakati wa kuondoka nilimsindikiza Mudrik mpaka kwenye ngazi ya mlango. Kichochoro kilikuwa na kivuli, na upepo wa alasiri ulikuwa unaingia kutoka Forodhani. Tulisimama hatua mbili mbali mbali, kama inavyostahiki, na hatua mbili zile zilikuwa ndefu.

"Bado umekasirika?" aliuliza.

"Kidogo."

"Sitakuficha tena kitu, Rasha. Hata nikijua utakataa."

"N'takataa mara nyingi. Ujue."

"Kataa. Lakini niwe nshakuuliza." Akatabasamu, tabasamu lile la siku ya nazi, kisha likazimika. "Uliposema nisitume mtu, ulimaanisha?"

Nilitazama mikono yangu, ina udongo wa Bumbwini mpaka kuchani. Nilitaka kusema hapana, sikumaanisha, siku tatu sikulala. Niliinua macho nikamtazama tu, na safari hii hakuna aliyeyaondoa kwanza.

"Rasha!" Baba aliita kutoka ndani.

"Naam, Baba!"

"Huyo kijana keshaondoka?"

"Bado, Baba."

Nikasikia fimbo yake inagonga sakafu, mara moja, mara mbili.

"Basi mwambie wazee wake nawangoja Idi pili, baada ya adhuhuri," alisema. "Na mama yake aje kutoka Pemba. Na wasile kwao, nawataka waje na njaa."